Sitaki ya Kwanza

Mama mkwe wangu akija kwetu Lurambi kutoka Iguhu, haji mikono mitupu. Siku ile alileta mrenda aliouchuma mwenyewe shambani, akaingia jikoni kabla sijamkaribisha, akaupika. Nikampisha. Kwetu mtoto hakatai chakula cha nyanya yake. Kukikataa ni kumkataa nyanya mwenyewe.

Binti yangu ana miaka sita, ana usonji, na hasemi. Mrenda unateleza, na kitu kinachoteleza mdomoni kwake ni mateso. Akilazimishwa alikuwa akijing'ata mkono mpaka damu. Watu waliuita ukaidi. Wengine walinishauri nitumie kiboko, nami niliwashauri waende kwao.

Mwalimu wake alituambia tuanze na "sitaki". Nilibisha, mimi nilitaka "mama". Akasema mtoto asiye na njia ya kukataa atakataa kwa meno. Basi nikakata kipande cha boksi la sabuni, nikachora kiganja chekundu cha kusema "sitaki", nikaifunga kadi hiyo kwa kamba kiunoni mwake. Kila siku tulimshika mkono tukainua kadi pamoja naye, na kile asichokitaka tukakiondoa papo hapo. Wiki zikapita. Peke yake hakuiinua hata mara moja, nikaanza kuona tunatwanga maji kwenye kinu.

Sasa nyanya akamletea kijiko cha mrenda. Binti akakaza shingo. Mkono ukapanda kuelekea mdomoni, nami nikasimama nimzuie. Ukashuka, ukapapasa kiunoni. Akaiinua kadi mbele ya uso wa nyanya yake.

"Nini hii ananionyesha?"

"Mama, anasema hataki."

"Anasema?" Kijiko kilibaki hewani. "Mimi nimetoka Iguhu na mboga yangu, halafu hii mtoto inaniambia haitaki?"

"Ndiyo, Mama. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa kitu."

Niliona hasira ikimpanda, kisha ikamwishia njiani. Akakila kile kijiko yeye mwenyewe.

"Miaka yote nangojanga huyu aniongeleshe," akasema, "na anaanza na kunifukuza!" Akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Mimi yangu hayakuwa ya kucheka. Nilimrukia binti yangu, nikamkumbatia kwa nguvu zangu zote, nikilia kwa furaha. Kitu kikanigusa shavuni. Ilikuwa kadi.

Nikamwachilia papo hapo. Sijawahi kukataliwa nikafurahi hivyo.