Dakika Mia na Sitini za Uvivu

Hospitalini kwao hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Kadi. Jina lilimganda tangu enzi zile taarifa za wagonjwa zikiandikwa kwenye kadi ngumu na kupangwa katika makabati ya chuma yaliyojaa chumba kizima. Mgonjwa alitaja jina lake, na kabla hajafika kwenye jina la baba, Mama Kadi ameshavuta droo. Aliwajua mapacha waliobadilishana kadi ili mmoja aonwe na daktari kwa niaba ya mwenzake. Alimjua mzee aliyejipunguzia umri kila mwaka. Kadi zilipohamishiwa kwenye kompyuta, wengi walidhani atanuna, lakini yeye alijifunza kuchapa kwa vidole vyote kumi akiwa na miaka arobaini na tatu, huku makarani wadogo wakiendelea kudonoa herufi moja moja kama kuku.

Laptopu waliyompa ilikuwa imeanza maisha kwenye ofisi ya mhasibu, ikashushwa stoo ya dawa, ndipo ikamfikia yeye. Herufi A ilikuwa imefutika. Bawaba moja ilikuwa imelegea, kwa hiyo kioo alikiegemeza kwenye daftari nene la wageni ili kisilale chali. Mwanzoni ilijikongoja, lakini ilifika. Kisha, miaka mitatu kabla ya haya ninayosimulia, ikaanza kugoma. Akibonyeza jina la mgonjwa, skrini inakuwa nyeupe, kiduara kinazunguka, feni inalia kama nyigu aliyefungiwa kwenye chupa. Dakika tatu. Mara nyingine tano. Nje ya dirisha lake watu wamejaa mabenchi mawili, waliokosa nafasi wameegemea ukuta, na macho yote yako kwake.

Akaitwa mvivu. Akaambiwa yuko humo anachati na mabwana. Kijana mwenye mkono uliovunjika alimwambia waziwazi kwamba watu kama yeye wangekuwa wameshastaafu zamani. Mama Kadi alimeza. Alikuwa mtu wa kusema "samahani, mashine inafikiri kidogo," na watu wakacheka, siku za mwanzo. Baadaye hawakucheka tena, naye akaacha kusema.

Mara mbili alimwita fundi wa kompyuta wa hospitali, bwana mmoja ambaye watu walimwita Injinia kwa sababu ya kalamu nne alizochomeka mfukoni. Mara zote mbili Injinia aliizima, akaiwasha, akasimama akiitazama mikono kiunoni. Mara ya pili alimwambia kwamba mashine imezeeka, kwamba kila kitu huzeeka, na macho yake yakapanda taratibu hadi kwenye mvi za Mama Kadi. Kisha akacheka peke yake.

Barua ilikuja Jumatatu asubuhi, mkononi mwa mhudumu wa ofisi ya katibu wa hospitali. Ilisema kwamba kumbukumbu za mfumo zimeonyesha kuwa yeye, kwa wastani, hukaa bila kufanya kazi yoyote kwa saa mbili na dakika arobaini kila siku. Ajieleze kwa maandishi ndani ya siku saba kwa nini asichukuliwe hatua za kinidhamu.

Aliisoma amesimama. Akaisoma tena ameketi. Saa mbili na dakika arobaini! Yeye aliyekuwa akibana haja mpaka saa saba mchana ili foleni isisimame. Kilichomchoma zaidi ni hilo neno, mfumo. Mfumo gani huo uliokuwa unamtazama, na nani aliyewahi kumwambia kwamba anatazamwa?

Mdogo wake wa kike alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta, nyuma ya kituo cha mafuta. Jioni hiyo Mama Kadi alikwenda na barua tu. Kompyuta yenyewe, yenye siri za wagonjwa, hakuthubutu kuitoa hospitalini. Mdogo wake aliisoma barua huku amebana bisibisi mdomoni, kisha akauliza swali moja: je, feni inalia hata wakati hajafungua kitu chochote?

"Inalia tangu naiwasha mpaka naizima," alisema Mama Kadi.

"Basi kuna mtu anafanya kazi humo ndani, dada, na si wewe."

Walikubaliana kwamba Mama Kadi ataifungua mwenyewe, saa ya chakula cha mchana, mlango umefungwa, mdogo wake akimwelekeza kwa simu. Jumanne alianza na vumbi. Aliitoa betri, akafungua skrubu za chini moja moja na kuzipanga kwenye karatasi kwa mpangilio wa matundu yake. Kwenye feni alikuta tando la vumbi lililoshikana kama kipande cha blanketi. Akalitoa kwa kibano cha nyusi, akapitisha brashi, akafunga. Feni ikashusha sauti. Kompyuta ilikuwa bado nzito, ila haikuunguza tena viganja.

Jumatano mdogo wake alimwonyesha orodha ya programu zinazoamka zenyewe kila kompyuta inapowashwa. Mama Kadi hakuamini macho yake. Kulikuwa na programu ya printa iliyotupwa zamani, programu ya mahesabu ya yule mhasibu, mbili za kupigia simu za video ambazo hakuwahi kuzigusa, na moja ya kukumbusha siku za kuzaliwa za watu wa stoo. Zote hizo zilikuwa zinakula kabla yeye hajapata hata tonge. Kuzizima kulitaka nywila ya msimamizi. Akakumbuka karatasi aliyoiona jana akifungua skrubu, imebandikwa chini kwa gundi; akaigeuza kompyuta na kuikuta nywila imeandikwa hapo, kwa mwandiko wa Injinia. Akazizima zote. Kompyuta iliyokuwa inachukua dakika kumi na moja kuwaka sasa ikachukua sita.

Alhamisi ndiyo siku aliyomwona mwenyewe yule mfanyakazi wa ndani. Mdogo wake alimwelekeza afungue dirisha linaloonyesha ni programu ipi inatumia diski na kwa kiasi gani. Diski ilikuwa imejaa pomoni, na juu kabisa ya orodha ilikaa programu moja iliyoitwa Mlinzi. Akaifuata hadi kwenye folda yake. Ndani kulikuwa na picha, maelfu kwa maelfu. Kila baada ya sekunde kumi, kwa miaka mitatu, Mlinzi alikuwa amepiga picha ya skrini yake na kuiweka kwenye diski ile ile kongwe, bila kufuta hata moja.

Akafungua picha moja. Skrini nyeupe na kiduara. Akafungua ya pili, ya tano, ya ishirini. Skrini nyeupe na kiduara, skrini nyeupe na kiduara, kila moja na saa yake pembeni.

Ndipo ikamwingia. Mlinzi anaijaza diski mpaka kompyuta inaganda. Ikiganda, yeye hawezi kubonyeza chochote. Asipobonyeza, Mlinzi anaandika kwamba amekaa bure. Alimweleza mdogo wake kwa sauti ya chini sana.

"Wamekufunga miguu, dada," mdogo wake alisema, "halafu wanakuandikia barua kwamba hukimbii."

Mama Kadi aliwaka hasira. Hakuwa anaifikiria barua sasa. Alikuwa anawafikiria wale watu wa kwenye mabenchi, miaka mitatu, na kila tusi alilolimeza akidhani labda kweli uzee umemwingia vidoleni.

Hakufuta kitu. Alichapa picha kumi ambazo hazikuwa na jina la mgonjwa yeyote, na Ijumaa saa tatu asubuhi akaingia ofisini kwa katibu bila kuitwa. Katibu alikuwa mwanamume wa rika la mwanawe wa kwanza, ana laptopu mpya nyembamba kama sinia. Alizitazama zile picha, akamwita Injinia, na Injinia alipozitazama akaanza kuhesabu vigae vya sakafu. Ilibainika kwamba ni yeye aliyeipandikiza programu ile, kwa maagizo ya ofisi, kwenye kompyuta zote za madirishani, na hakuwahi kurudi kuikagua.

Katibu hakumgeukia Injinia. Alimgeukia Mama Kadi, akamuuliza nani alimpa ruhusa ya kufungua mali ya hospitali.

"Nywila mmeibandika chini ya mashine," alisema Mama Kadi. "Njoo ukae kwenye kiti changu. Mtafute mgonjwa mmoja tu. Ukimpata, nitaandika hayo maelezo yako na nitaacha kazi leo."

Katibu akasema ana kikao. Mama Kadi akasema atasubiri hapo hapo mlangoni, na akasimama mlangoni kweli, na ule mlango ulikuwa mmoja tu. Basi wakashuka, katibu mbele, Injinia nyuma.

Katibu akaketi. Mwanamke mmoja aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni akataja jina lake. Katibu akaliandika, akabonyeza. Skrini ikawa nyeupe. Akabonyeza tena, akabonyeza kwa nguvu. Dakika ya kwanza alitabasamu. Dakika ya pili alilegeza tai. Dakika ya tatu mzee mmoja aliyeegemea ukuta akauliza, kwa sauti ya kusikika na wote, kama huyo kijana amelala au amekufa. Mwingine akadakia kwamba wamezoea, kila siku ni hivyo hivyo, wanalipwa kwa kukaa. Masikio ya katibu yakawaka.

Mama Kadi aliinama begani kwake, akafungua ile orodha, akasubiri ifunguke, akaisimamisha programu ya Mlinzi. Kisha akabonyeza jina la yule mwanamke. Taarifa zake zikatokea kabla katibu hajaondoa mkono mezani.

"Hizo ndizo dakika zangu za uvivu," alisema, na akamwomba katibu ampishe kiti, watu wanasubiri.

Jumatatu iliyofuata alipata barua ya mistari miwili: barua ya awali imefutwa. Neno samahani halikuwemo. Yeye akaandika ya kwake, ukurasa mzima, ingawa hakuna aliyemtaka ajieleze tena. Aliomba mambo matatu: Mlinzi aondolewe kwenye kompyuta zote, yeye apewe moja ya zile diski mpya za kasi zilizokuwa zimelala stoo zikisubiri ofisi za wakubwa, na wagonjwa watangaziwe kwamba ucheleweshaji haukuwa wa makarani. La diski walikubali, baada ya yeye kukaa kwenye benchi la stoo asubuhi mbili mfululizo. Mdogo wake alimwelekeza namna ya kuifunga, na kompyuta ile ile, na A yake iliyofutika, ikaanza kuwaka kabla hajamaliza kuvua koti. Kuhusu tangazo, katibu alijibu kwamba litaharibu sura ya hospitali. Kuhusu Mlinzi, walisema watalitafakari.

Jibu hilo lilimpandisha mori upya. Saa ya chakula akaenda kwa keshia, akamweleza yote, akamuuliza kama naye amepata barua. Keshia alitazama mlango, kisha akaitoa kwenye mkoba wake, imekunjwa ndogo kama tiketi. Yeye dakika zake zilikuwa mia na kumi. Binti wa dirisha la dawa alikuwa nayo pia, na karani wa maabara, na karani wa wodi ya wazazi ambaye alikuwa ameanza kunywa dawa za presha. Watu wanne, kila mmoja ameificha yake tangu alipoipata, kila mmoja akiamini ni yeye peke yake aliyechoka.

Walipanda kwa katibu pamoja, watano. Hawakupiga kelele. Mama Kadi alisema kwamba madirisha yote matano yatafungwa mpaka Injinia aje na kuitoa ile programu mbele yao, na kwamba safari hii watakaowaeleza wagonjwa sababu ni wao wenyewe. Injinia alianza kazi kabla ya saa nane mchana. Barua zote zilifutwa wiki hiyo.

Katibu bado ni katibu. Asubuhi wakikutana kwenye ngazi humsalimia Mama Kadi kwa heshima zote, shikamoo mama, habari za nyumbani. Mdogo wake humwambia yameshapita, ayaachie. Mama Kadi huitikia marahaba, kwa kuwa salamu haikataliwi, na huendelea kushuka bila kuongeza neno.