Shimo Lililopinda Mwezini

Kila nikisikia harufu ya dizeli iliyomwagikia udongo mbichi, nakumbuka jioni bibi yangu alipouona mwezi kwa karibu. Ilikuwa Nachingwea, miaka ile ya mradi wa karanga, trekta zinang'oa miti kutwa nzima na kutuachia watoto mashimo ya kuchezea kombolela. Wiki ile vigingi vya mpaka vilikuwa vimeota hadi katikati ya mihogo ya bibi.

Baba alikuwa msaidizi wa mzungu mpima ardhi. Jioni hiyo, jua bado halijazama na nusu ya mwezi iko juu, mzungu aliielekeza darubini yake ya kupimia huko mwezini, akatukaribisha tuchungulie. Nilianza mimi. Niliona nchi nyeupe, kavu, yenye vilima na mashimo. Shimo moja halikuwa duara kama mengine. Lilibonyea upande, ukingo umemomonyoka, kama chungu kilichofinyangwa na mtu mwenye haraka.

Kisha akainama bibi. Kiswahili cha kuuzia ufuta sokoni alikijua sana, ila jioni ile kilimtoka chote. Akasema Kimwera kitupu, na baba akawa mkalimani.

"Hilo lililopinda, waling'oa mti gani hapo?"

"Anasema mwezi unapendeza," baba alimwambia mzungu.

"Na wenye shamba waliulizwa, au waliamka tu wakakuta vigingi?"

"Anashukuru sana, bwana."

Mzungu akatabasamu. Mimi nilibana pua nisicheke. Bibi alipoliona tabasamu lile, alikalia sanduku la vifaa, akasema hainuki mpaka aambiwe trekta zitafika lini kwenye mihogo yake. Baba, jasho likimtiririka, ikabidi sasa atafsiri sawasawa. Mzungu alikuna kichwa, akajibu kwamba shamba lile limo ndani ya mpaka, ila litalimwa mwisho.

Trekta hazikufika. Mradi ulikufa kabla, na bibi akatamba soko zima la Marambo kwamba aliufunga yeye, kwa kukaa tu.

Kisa hiki kimetuchekesha nyumbani miaka mingi. Nilikuwa mtu mzima, nina watoto wangu, ndipo nilipojiuliza kwa nini bibi alichagua Kimwera, lugha ambayo mzungu hakuijua hata neno. Vile vigingi shambani kwake vilipigwa na baba kwa mkono wake. Maswali yale hakuwa akimuuliza mzungu.