Samli ya Mtoto Kwenye Gari

Leo hapa Bugene fundi amefungua jointi ya ekseli ya gari la mwanangu, ile inayopinda tairi likikata kona. Akapaka grisi nyeusi, nzito. "Bibi, hapa ukiweka mafuta ya kubahatisha, yanayeyuka." Harufu ile ikaniamshia hasira ya utotoni.

Mama alikuwa amejifungua, na kibuyu cha samli ya kumpaka mtoto alikitunza mwenyewe. Siku moja gari la baba limejaa kahawa ya kupeleka Kamuli, na grisi ya jointi imeisha. Baba mdogo, mjuaji asiyejua kitu, akasema, "Mafuta ni mafuta. Leteni samli!" Nilikikumbatia kibuyu, wakaninyang'anya, samli yote wakaijaza kwenye jointi.

Kamuli hawakufika. Jointi ilichemka, samli ikamwagika yote, mbwa wakalamba tairi. Baba mdogo akarudi kwa miguu, na bila aibu akamwambia mama, "Shemeji, samli yako nyepesi. Maziwa hukuyasuka vizuri."

Mama akamjibu, "Kamlaumu ng'ombe, shemeji. Yeye alidhani anakamuliwa kwa ajili ya mtoto."

Wanaume wakacheka. Mdogo wangu akapauka ngozi mpaka ikapasuka, na hakuna hata mmoja wao aliyeleta kibuyu kingine.