Kuku wa Uzazi

Harufu ya manyoya ya kuku yaliyolowa maji ya moto hainipi hamu ya kula. Inanipandisha hasira. Nikipita sokoni Karatu, kule nyuma wanakonyonyolea kuku wa hotelini, wenzangu wanasimama kuchagua mapaja, mimi nimeshakunja uso. Wanadhani naringa. Siringi. Nakumbuka nyumbani kwetu Ganako, mwaka ule mama alipomzaa mdogo wangu wa mwisho, na nikikumbuka natamani baadhi ya watu wafufuke kidogo niwagombeze, halafu warudi walikotoka.

Kwetu mwanamke akishajijua ni mjamzito alianza kufuga kuku wake wa uzazi. Hao hawakuwa kuku wa kuuza wala wa Krismasi. Walikuwa wa supu yake mwenyewe akishajifungua, apate nguvu na maziwa yatoke. Mama alianza tumbo likiwa bado halionekani. Alichagua mitetea wenye kifua, akawafungia peke yao nyuma ya jiko, akawalisha pumba na ngano tuliyokuwa tunaokota mashambani Mbulumbulu watu wakishavuna. Ugonjwa wa kideri ulipopita kijijini aliwatilia shubiri kwenye maji yao, akawa anawachungulia kila mara kama mtu mwenye wagonjwa wodini. Kuku wa majirani walikufa, wake wakapona. Kisha akachana khanga kuukuu, akamfunga kila mmoja kitambaa mguuni, ili yeyote mwenye macho nyumbani ajue kwamba huyu haguswi.

Kumbe ndivyo alivyokuwa anawaonyesha walaji kuku walionona.

Mtoto alizaliwa, wa kiume, na wageni wakamiminika kumpongeza baba. Ndiyo, baba, eti yeye ndiye aliyechoka. Mama alikuwa ndani na mtoto, kwa hiyo jiko lilishikwa na bibi, mama yake baba. Nilimpenda bibi, msinielewe vibaya, lakini siku zile alinikera, na inanikera mpaka leo. Akisikia tu hodi ananiita, "Neema, kamata mmoja wa vitambaa." Nikimuuliza kwa nini tusimkamate yule jogoo mkorofi anayeparua watoto, ananijibu kwamba jogoo yule ni mifupa mitupu, na hatuwezi kumwekea mgeni mifupa.

Kazi yangu niliijua. Kwetu mwanamke hachinji, kwa hiyo kama baba hayupo nilimbeba kuku kwapani mpaka barabarani kutafuta mwanamume yeyote anayepita, na asipopatikana tulimwomba mgeni mwenyewe, akavua koti akachinja kitoweo chake. Nilikanyaga mabawa na miguu, nikageuza uso. Kisha maji ya moto, lakini yasiwe yanachemka, la sivyo ngozi inatoka pamoja na manyoya. Nikishanyonyoa namzungusha juu ya moto kubabua vile vinyoya vidogo. Bibi anapasua, anatoa nyongo polepole isipasuke, anamenya firigisi. Firigisi ni ya baba, hilo halikuwa na mjadala. Mapaja na kidari ni vya mgeni. Mimi nilipewa miguu nichome kwenye makaa. Mama alipelekewa shingo na mchuzi uliobaki chini ya sufuria, umeongezwa maji, na bibi anamwambia anywe upesi kabla haujapoa, supu ndiyo hiyo.

Mama akanywa. Akasema asante, mama.

Na mtoto alilia. Akiwekwa ziwani ananyonya kidogo, anaachia, anaanza tena. Wageni wakamwambia baba kwamba kijana ana mapafu, huyu atakuwa mhubiri. Bibi akasema hasira hizo amezitoa ukoo wa mama. Mimi, kwa akili zangu za darasa la pili, niliona tumeletewa mtoto mbaya, nikawa nakaa nje nisimsikie.

Akabaki mtetea mmoja, mweusi, mzito kuliko wote. Mama alikuwa ameniambia huyo ni wake, hata aje nani. Ndipo akaja mzee mmoja wa Kimasai kutoka Endulen, ambaye baba alikuwa akinunua ng'ombe kwake. Baba alifurahi kupita kiasi. Akapaza sauti kutoka sebuleni kwamba mgeni huyu haondoki bila kuku.

Mama aliinuka kitandani. Alisimama kwenye pazia la chumba, mtoto mkono mmoja, mkono mwingine ameshika ukuta. Hakuwa na kawaida ya kumbishia baba.

"Baba Neema," akasema kwa sauti ya chini, "wazee wa Kimasai hawali kuku. Mpe chai ya maziwa. Huyo mmoja naomba mniachie."

"Hayo ni ya zamani. Siku hizi wanakula," baba akajibu. "Unataka nionekane sina kitu?"

Bibi alikuwa ameshabandika maji.

Kuku akapikwa, akaletwa kwenye sinia, mafuta yanaelea. Mzee akalitazama sinia, akarudisha mkono ndani ya shuka.

"Rafiki yangu, sisi ndege hatuli," akasema. "Chai imetosha. Mpe huyo aliyezaa. Kwetu mama akizaa anachinjiwa kondoo, na mafuta ni yake. Hata mimi mwenye boma siombi."

Baba alicheka kicheko kirefu, akasema Wamasai bwana, wana mambo yao. Mimi nilikuwa nimesimama pale na birika la kunawisha. Nilingoja baba alisukume sinia upande wangu nilipeleke chumbani. Niliamini kabisa atalisukuma. Badala yake akasema chakula kilichowekwa mbele ya mgeni kikirudi jikoni ni aibu kwa nyumba, akanawa, akaanza na firigisi. Akaenda kwenye kidari, akaenda kwenye mapaja, akala mpaka akalegeza mkanda. Mzee wa watu alikuwa anatazama nje, mlangoni.

Nilipoingia chumbani mama amekaa kitandani, ameelekea ukutani. Pazia lilikuwa jepesi, alikuwa anasikia mifupa inavyovunjwa.

Miaka ikapita, nikazaa wa kwangu. Siku za mwanzo nilikuwa peke yangu, nakula nikikumbuka, na mtoto akaanza kunyonya kidogo, kuachia na kulia. Nilikijua kilio kile. Nilikaa naye mapajani, halafu nikampigia mama simu. Nikamuuliza kama yule mdogo wangu alikuwa analia njaa.

"Nilikuwa nampa kidole anyonye," akasema. "Ulitaka nifanye nini, mwanangu?"

Tulipomzika baba, mzee wa kanisa alisimama akasema kwamba katika nyumba ile hakuna aliyewahi kutoka na njaa. Watu wakaitikia, kweli kabisa. Mama alikuwa mstari wa mbele, ameinamisha kichwa. Pembeni yake alikaa mdogo wangu, ambaye ni mtu mzima sasa lakini mfupi kuliko sisi sote, naye akaitikia. Pale kijijini wanamwita Kelele mpaka leo. Wanamtania kwamba hakukuwa na mtoto mkorofi kama yeye, kwamba aliukosesha usingizi mtaa mzima, na yeye anacheka nao.

Hakuwa mkorofi. Alikuwa na njaa, na sisi tulikuwa tunakaribisha wageni.