Siku Paka Alipofaulu Mtihani Wangu wa Kompyuta

Paka alifaulu mtihani wa kompyuta kabla yangu.

Usicheke kwanza. Alipata asilimia tisini na tatu. Mimi niliyesoma miezi saba, rekodi yangu ilikuwa tisini na mbili.

Naitwa Ongom, sajenti mstaafu. Niliingia polisi mwaka 1987, vita ikiwa imetoka kupoa, nikatoka 2013 na goti moja bovu. Najua humu kundini mnanijua kwa kutia chumvi. Ile ya mwizi niliyemkamata kwa kumkoholea, sawa, niliongeza kidogo. Hii ya leo naileta bila hata punje.

Mambo yalianza hivi.

Shule moja ya msingi huko Naguru ilikuwa inajenga chumba cha kompyuta. Walitaka mtu wa kukitunza. Awashe mashine, azime, afungulie wanafunzi akaunti, afukuze virusi. Nikajipeleka. Mwalimu mkuu akanitazama mvi, akatazama goti.

"Afande, umri si tatizo. Lete cheti. Kile cha mwanzo kabisa cha Windows kinatosha. Chumba kinaisha mwezi wa tano. Ijumaa ya mwisho ya mwezi huo ikipita huna cheti, nampa mwingine."

Jamani, niliitaka kazi ile kuliko nilivyowahi kutaka cheo. Ukivua yunifomu Kampala hii ndiyo unajua salamu zote zilikuwa za yunifomu. Watu waliokuwa wakiniita afande kutoka ng'ambo ya barabara walianza kunipita kama nguzo ya umeme.

Basi nikaenda Kikuubo, ule uchochoro wa maduka katikati ya mji, kwa Blaise Kasereka.

Blaise ni Mkongo wa Butembo. Alikuwa na chumba kidogo cha kompyuta kati ya duka la sabuni na duka la ndala. Mtu mpole, fundi kwelikweli. Alikuwa ameandika mwenyewe programu ya mazoezi: maswali hamsini, unajibu, unabonyeza Enter, linakuja lingine. Mwishoni alama inatokea kubwa, kijani.

"Haikuonyeshi ulipokosea, Papa," aliniambia. "Hata mtihani wenyewe hauonyeshi."

Nikamwamini. Kwa nini nisimwamini?

Siku ya kwanza nilipata thelathini na nne. Wiki iliyofuata, themanini na tano! Halafu themanini na tisa. Halafu tisini. Nikaanza kutembea Kikuubo kifua mbele, wapagazi wa magunia wananipisha.

Nakumbuka swali moja. Mtu yumo katika makundi mawili. Kundi moja limeruhusiwa kufungua faili, jingine limekatazwa. Je, atafungua?

"Atafungua," nikasema kwa sauti. "Mkubwa akisharuhusu, nani akatae?"

Blaise akanitazama. Akaanza kufuta skrini ambayo haikuwa na vumbi.

Alama siku hiyo: tisini na mbili. Hongera, Papa Ongom!

Sasa, paka.

Pale dukani kulikuwa na paka wa kukimbiza panya, jike, mwenye alama nyeupe begani. Nilimwita Koplo. Jumanne, siku mbili kabla ya mtihani wangu, nilifungua mazoezi mapya, nikainuka kununua chai hapo nje.

Kurudi, Koplo amelala juu ya kibodi. Kiuno chake chote kipo kwenye Enter.

Maswali yalikuwa yanapita kama abiria wanaoshuka basi. Arobaini na saba. Arobaini na nane. Hakuna hata moja lililojibiwa.

Hamsini.

Tisini na tatu. Kijani. Hongera, Papa Ongom!

Nilisimama pale na kikombe mkononi. Nikajiambia labda mashine imepata homa. Nikamsogeza Koplo, nikaanza upya, nikajibu kila swali kwa makusudi kinyume na nilivyojua.

Themanini na tisa.

"Blaise!"

Akaja anafuta mikono. Akaona skrini. Akaona sura yangu. Yule Mkongo hakuhitaji kuulizwa.

"Papa, minaomba unisamehe."

"Tangu lini?"

"Tangu ile wiki ya pili."

"Miezi saba unanichezea?"

"Mama Ayaa njo alikuja hapa."

Mama Ayaa ni Filda. Mke wangu.

Blaise akasema yote, macho yakiwa chini. Nilipopata ile thelathini na nne, nilirudi nyumbani nikalala siku tatu nimeangalia ukuta. Sikula. Ni kweli, sibishi. Siku ya nne Filda alipanda hadi Kikuubo akamwambia: mpe mzee alama nzuri. Akifeli tena atanifia. Na asiponifia, atabaki nyumbani kutwa, na sufuria zangu zimechoka kukaguliwa gwaride.

"Na wewe ukakubali?"

"Papa, nisiongope. Tangu unaikala hapa, bale batu ba kunisumbua na makaratasi ya kibali banaona viatu vyako vya polisi, banapita. Ungekata tamaa, ungeondoka. Ningebaki na nani?"

Kumbe. Nilidhani mimi ni mwanafunzi. Nilikuwa askari wa zamu, silipwi, na sijui.

Nikachukua kofia yangu. Akaniita mpaka kwenye duka la ndala, sikugeuka.

Nyumbani sikusema kitu. Miaka ishirini na sita ya polisi ilinifundisha kumwacha mshukiwa ale, anywe, alale vizuri. Filda akauliza, "Masomo?" Nikajibu, "Mazuri." Akatabasamu. Tabasamu lile liliniuma kuliko kitu chochote.

Jumatano nilisoma kitabu asubuhi hadi jioni, peke yangu. Ukurasa wa sitini na kitu nikakutana na lile swali la makundi mawili. Kukatazwa kunashinda. Hata ungeruhusiwa mara mia.

Alhamisi nikaufanya mtihani. Unapobonyeza swali la mwisho, matokeo yanakuja palepale. Walitaka sabini.

Hamsini na nane.

Mtaniona kichaa, lakini nilitaka kuipa ile mashine mkono. Ilikuwa ya kwanza kuniambia ukweli tangu ile thelathini na nne.

Njia nzima nilipanga maneno. Nitaingia, nitasimama mlangoni, nitasema: nimefeli, Filda, na wewe ndiye uliyenifelisha.

Nikaingia. Akasimama, mikono imejaa unga.

"Baba Ayaa, imekuwaje?"

Mdomo wangu ukasema: "Themanini na nane."

Sijui uongo ule ulitoka wapi. Nadhani nilitaka naye aonje kudanganywa. Filda akapiga vigelegele hadi majirani wakatoka. Dakika si nyingi akaleta jogoo mzima, ameungwa na simsim iliyosagwa. Nikala paja. Nikala shingo. Nikamwambia, "Naanza kazi Jumatatu."

Kazi ilichukuliwa na mwanamke mmoja anaitwa Adyero. Ijumaa ilipita, mwalimu mkuu hakungoja.

Lakini Jumatatu nikavaa shati lililopigwa pasi, nikatoka "kazini". Nikaenda Kasubi, ambako hakuna anayenijua. Huko kuna dada anaitwa Monique, ana darasa la kompyuta juu ya duka la dawa. Akanipa jaribio, akasahihisha kwa kalamu mbele yangu.

"Thelathini na nane, mzee. Na hiyo nane nimekuonea huruma."

"Huruma?"

"Nakutania. Huruma sina. Rudia lote."

Karibu nimkumbatie.

Nilirudia lote kwa miezi minne na nusu. Nikafanya mtihani tena mwezi wa kumi, nikapata themanini na moja. Ya kweli. Nikatia cheti kwenye fremu, nikakitundika sebuleni, nikamwita Filda aone.

Akakisogelea. Akasoma polepole, kidole kwenye kioo.

"Baba Ayaa, hapa wameandika jana."

Nilisahau tarehe! Mimi, niliyeandika tarehe kwenye kitabu cha kituo miaka yote ile.

"Wamekosea," nikasema.

"Aa. Acha." Akakaa kwenye kiti. "Blaise alinipigia Jumanne ile ile, kabla hujafika nyumbani. Nilijua umejua. Nikangoja useme mwenyewe. Ukasema themanini na nane. Jumapili yake Adyero akasimama kwenye kwaya, akaomba tumshukuru Mungu, amepata kazi Naguru, chumba cha kompyuta."

"Na vigelegele vile?"

"Ulitaka nilie?"

"Na jogoo?"

"Jogoo alikuwa sufuriani kabla hujarudi. Ungefaulu, ungekula. Ungefeli, ungekula."

"Miezi minne na nusu, Filda! Unanipigia pasi shati la kwenda kazi isiyokuwepo?"

"Ulikuwa unatoka msafi, unarudi unaimba. Ningekuzuia ili iweje?"

Nilidhani nimemlipiza. Kumbe hata kisasi changu alikuwa anakipa alama za bure.

Watu wataniambia huo ni upendo. Inawezekana. Lakini nimeumia, na sioni aibu kuandika hivyo. Kazi niliikosa kwa alama kumi na mbili, na miezi saba ile ingetosha kuzipata.

Nilichojifunza ni hiki: anayekuhitaji na anayekupenda husahihisha kwa kalamu moja. Ukitaka kujua uko wapi, mtafute asiyekuhitaji.

Kitu kimoja ndicho kinachoninyima raha siku hizi. Kabla sijaanza kuwaandikia ninyi, simulizi zangu zote nilikuwa namsomea Filda. Alicheka kila moja. Miaka yote hii, hata ile ya kukohoa.

Kwa hiyo leo msiniandikie "mzee umetisha". Niambieni mstari gani ulilegea. Hii Filda hajaisikia.