Fundo la Batula

Wachungaji waliopitisha mbuzi kando ya shamba la Anab hawakuchoka na mzaha wao.

"Anab, hayo maua yako hukamuliwa asubuhi au jioni?"

"Jioni," alijibu bila kuinua kichwa. "Leteni kibuyu."

Alikuwa mjane, mzaliwa wa upande wa Modogashe, aliyekua akinywa maziwa ya ngamia. Ukame ulipomaliza mifugo, mumewe Kulow aliwaleta wake zake wawili Garissa, akawatafutia kipande cha ardhi kando ya Tana, kisha akafa. Watu wakakaa kungoja wajane watoane macho. Wao wakapanda maua ya kupamba kumbi za harusi. Anab alijua maji. Batula, mke mdogo, alijua mbegu. Waligombania ndoo, waligombania chumvi, na usiku walikula sinia moja.

Batula alikuwa na ua moja ambalo mji mzima hakuna mwingine aliyekuwa nalo. Mbegu yake aliletewa na shangazi kutoka Bute. Lilifumba asubuhi yote kama jicho la mgonjwa, na alasiri, adhana ilipoanza, likafumbuka: jeupe lenye michirizi myekundu, kama maziwa yaliyodondokewa na damu. Harufu yake ilikuwa nzito, ilikaa kooni. Mbegu zake zilikuwa nyeusi kama pilipili manga, na Batula alizinyima watu kwa miaka. Msimu ule wa masika ndipo alipokubali hatimaye kuzipeleka kwenye siku ya mbegu, pale wanawake wa bustani za mtoni hukutana kabla ya kupanda. Kila mmoja huja na mbegu zake zimefungwa kwenye pembe ya shali, akalifungua fundo juu ya kiganja cha mwenzake.

Hakuifikia siku hiyo. Garissa mto hufurika jua likiwaka. Mvua hunyesha bara, kwenye milima ambayo wengi hapa hawajaiona, na maji huwasili bila wingu wala ngurumo, kama mgeni asiyepiga hodi. Wajane wawili walikuwa wamekwisha kukimbilia juu ya tuta la barabara Batula alipogeuka.

"Mbegu zangu!"

"Batula, ziache!"

Anab alimwona mara ya mwisho mlangoni pa kibanda chao cha shambani, maji magotini, akikaza fundo la shali kwa meno. Alipopepesa macho, kibanda hakikuwapo.

Mwili haukupatikana. Kisha dereva mmoja wa lori akamwambia Deeq, kaka yake Batula, kwamba amemwona mwanamke kama yeye Elwak, mji wa mbali kaskazini, akiuza chai. Deeq, dalali wa mbuzi, mtu wa kushikilia bei yake mpaka jua lichwe, akalishikilia neno hilo hivyo hivyo.

"Mtu haswaliwi jeneza akiwa hai," alimwambia Anab alipotaka Batula aswaliwe.

"Unamwacha dada yako alale kama mzoga, Deeq. Na watu wanasema alitoroka."

"Waseme. Anayetoroka hurudi."

Anab alijifunga shali, akaondoka. Alichotaka ni kimoja tu: Batula alazwe kaburini, kwa sanda na kwa dua, na asionekane tena Elwak katika vinywa vya watu.

Vuli ilipofika alipanda upya juu ya tope lililokauka. Alasiri moja, adhana ilipoanza, harufu ile ikamjia. Alisimama na ndoo mkononi. Hakukuwa na upepo. Shambani mwake hakukuwa na hata shina moja la ua lile. Kesho yake ikaja tena, wakati uleule, na Mutanu, mwalimu kutoka Kitui aliyelima shamba la jirani, akainua kichwa.

"Mutanu, unanusa?"

"Nanusa tangu juzi. Nilikuwa naomba iwe ni wewe umejipaka."

Waliifuata wakishuka ukingoni hadi kwenye kichaka cha mathenge, miti ile ya miiba isiyoachia kitu nafasi. Katikati ilikuwa imeacha nafasi. Mbuzi walikuwa wamekula majani pande zote, wakakomea mbali kidogo. Na pale, katika udongo wa mafuriko, maua ya Batula yalikuwa yanafumbuka, moja baada ya jingine, kama mtu anayekunjua vidole.

Anab alimleta Deeq siku iliyofuata. Deeq alitazama, akajifuta uso, akamwita Anab dada kwa Kisomali.

"Maji hubeba mbegu, abaayo. Si ajabu."

"Maji hutawanya." Anab alichuchumaa, akayakumbatia mashina yote kwa viganja viwili. "Angalia yalivyobanana. Hizi zilikuwa zimefungwa."

"Dada yangu yuko Elwak."

"Basi chimba. Ukikuta udongo mtupu, nitapanda lori nikamtafute mwenyewe."

Deeq alipiga magoti, akachimba kwa mikono. Mizizi ilikuwa minene kama viazi, na ilikuwa imeng'ang'ania kitambaa. Fundo lilikuwa bado limekazwa. Mashina yalikuwa yametoboa nguo na kutoka. Aliushika upindo, akavuta taratibu. Kitambaa hakikuja. Kulikuwa na uzito chini yake.

"Inna lillahi," alisema Deeq, na Elwak ikamtoka moyoni.

Walimzika kabla ya magharibi, wanaume wa mtaa mzima wakiwa wamepanga safu.

Siku ya mbegu iliyofuata, Anab alimwaga mkekani mbegu nyeusi alizozichuma pale kichakani. Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Hizo zimekula mtu," Amino, mmoja wa wanawake wa mtoni, alinong'ona.

"Hazikumla. Zilimwonyesha," Anab akasema. Akaokota chache, akazifunga kwenye pembe ya shali yake, akakaza kwa meno. "Mto ukinichukua, mtajua pa kunitafuta."

Wanawake walisogea kulitazama fundo lile. Kisha Amino akachota mbegu za ua lake mwenyewe, akafunga. Wengine wakafuata, kila mmoja na ua lake, wakichungulia lisifanane na la jirani.

Siku hizi, redio ikitangaza mvua bara, utawaona kando ya mto, kila shali na kifundo chake. Alasiri wachungaji hupitisha mbuzi upande wa pili, na hakuna anayeuliza habari ya kukamua.

"Na mimi je?" Mutanu aliuliza siku ile ya mbegu. "Mimi nitakuwa ua gani?"

"Alizeti," Anab akamjibu. "Wewe ni mrefu. Tutakuona tangu barabarani."

Mutanu akacheka. Kicheko kikakatika, akamnyooshea pembe ya leso yake.