Betri ya Uvunguni

Mwaka ule tulikula muhogo mpaka tukauchoka. Muhogo wa kuchemsha asubuhi, muhogo wa nazi jioni, na Ramadhani ilipoingia tukafuturu kwa muhogo huo huo, tumeupaka pilipili na ndimu ili tujidanganye. Unga wa ngano ulikuwa wa harusi. Ndio mwaka mjukuu wangu alipoitia baiskeli yake umeme.

Mimi kusoma nimesoma kidogo, nikaolewa. Lakini macho ninayo. Mjukuu huyu nimemlea mimi tangu binti yangu alipofariki. Akakua, akaoa, akamleta mke hapa hapa kwangu Junda, wakapata mtoto. Kazi yake ni kuwapelekea watu chakula cha mchana makazini. Baiskeli aliinunua Magongo, ya mtumba, usukani umepinda kama pembe za kondoo, matairi mapana ya kupita kwenye changarawe. Ilikuwa nyepesi hata mimi, na uzee huu, naibeba.

Pancha wakati ule ilikuwa mchezo. Anaipindua magurudumu juu, anachomoa tyubu, anaizamisha kwenye beseni langu la kufulia, panapotoka povu anabandika kiraka, huyoo anaondoka. Alipotia mota kwenye gurudumu la nyuma, mchezo ukaisha. Gurudumu likawa zito kama jiwe la kusagia, na waya zinaingia pale pale katikati, ukitaka kulifungua ni spana na matusi. Uzito ule ukigonga jiwe, tyubu inabanwa, yanatoka matundu mawili pamoja, kama ya meno ya nyoka. Pancha haziishi.

Nilimwita. "Labeka, bibi," akaja, mikono myeusi kwa grisi.

"Chombo hiki kinakutaka chini."

Akacheka. "Bibi, ni upepo tu umetoka."

Betri aliichaji uvunguni mwa kitanda chao, maana ikikaa nje itaibwa. Kijitaa chake chekundu kilikuwa kikiniangalia kila nikipita mlangoni. Sakafu pale ilipata joto. Paka wetu alikuwa na mahali pake pa kulala uvunguni mle. Akahama, akaenda kulala jikoni. Nililisema hilo. Wakaniambia paka wana mambo yao.

Alhamisi moja akapata pancha njiani, chakula cha watu kinapoa. Badala ya kushuka akaendelea vivyo hivyo, mota ikiliburuta gurudumu lililolala bapa. Likamtupa. Betri ikapiga jiwe, ikaishia dimbwini. Alirudi nayo nyumbani, akaipangusa kwa kanga ya mkewe, akaizungushia utepe, akaichomeka kwenye umeme kama kawaida.

Na Alhamisi, baada ya Magharibi, mimi nafukiza. Udi naupika mwenyewe kwa sukari, nimefunzwa na mama yangu, na wanawake wa mtaa huu wanajua udi wangu hauna mfano. Nikakizungusha chetezo chumba kwa chumba. Mtoto alikuwa amelala kitandani kwao, na mimi nikafukiza mpaka chini ya chandarua chake.

Jirani akapaza sauti kutoka uani kwake: "Shoga, leo umetia nini? Udi wako wanuka mpira!"

"Mpira ni wali wako wa jana!" nikamjibu.

Mke wa mjukuu wangu alicheka hata akashika ukuta. Nami nikaongeza udi kwenye makaa, jirani akome. Tulikuwa twacheka juu ya moto.

Kisha tukasikia mlio, kama mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji. Moshi uliotoka uvunguni haukuwa wangu. Wangu hupanda, huu ulitambaa sakafuni, wa kijivu, mzito, ukanifika miguuni. Nilimnyakua mtoto na shuka lake. Mjukuu akaingia kichwa chini, akaikamata betri kwa mkanda wa kuibebea, akaiburura mpaka uani, nayo inatema cheche. Ngozi ya kiganja chake ilibaki kwenye ule mkanda. Tuliifukia mchangani, na mchanga wenyewe ukawa unafukuta.

Mtoto alishikwa na kikohozi kikavu. Kilipoa, lakini akipaliwa na uji tu, mimi husimama.

Mkono wa baba yake haujafunguliwa bandeji alipokuja akiikokota baiskeli, pancha tena, na sanduku jipya limefungwa nyuma.

"Bibi, hii ni mpya kabisa. Ile ilikuwa imeloa. Hii nitaichaji mchana tu, niko macho."

"Hapana."

"Basi tunahamia Mjambere. Nimeona chumba. Kimoja, lakini umeme wake hauna mtu wa kunigombeza."

Chumba kimoja. Kitanda kimoja, na uvungu mmoja. Mkewe alikwisha kutoa begi mlangoni, macho chini, ananyoosha mikono apewe mwanawe. Mtoto alikuwa begani kwangu, namsikia anavyovuta pumzi.

"Betri haingii humu, na mtoto hatoki humu."

"Bibi, huyo ni mwanangu."

"Najua ni wako. Nani alikuzaa wewe? Na nani alikulea?"

Akaiegemeza baiskeli ukutani, akalifungua lile sanduku kwa mkono wake mzima, taratibu, anitolee betri nione jinsi ilivyo nzuri. Mkewe akasogea hatua moja, kisha nyingine.

"Betri haingii humu, na mtoto hatoki humu."